Ukuta wa Udongo, Kutoka Lumboka Hadi Kitale

Waingereza walipowashambulia Wabukusu wa magharibi mwa Kenya mwaka 1895, kizuizi walichokikuta Lumboka, karibu na Bungoma ya leo, na kisha Chetambe, juu ya Webuye, kilikuwa udongo. Wabukusu waliishi ndani ya ngome zenye kuta za udongo na mahandaki. Udongo uliochimbwa handakini ndio uliopandisha ukuta. Hakuna kilichosafirishwa kutoka mbali, wala hakuna tanuri lililowashwa.

Nyumba za humo zilikuwa za nguzo na fito, zikakandikwa udongo, zikasiribwa kwa mavi ya ng'ombe na kuezekwa nyasi. Ujenzi huo uliyajua mazingira yake. Kitale, mji wa Trans Nzoia, kwa mfano, iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kali. Ukuta mnene hunyonya joto la mchana, kisha hulitoa polepole watu wakiwa wamelala. Bati haliwezi kazi hiyo, na aliyelala chini ya bati tupu mvua ya mawe ikishuka kutoka Mlima Elgon hahitaji kuelezwa zaidi.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mabati na saruji vikapata njia rahisi. Baada ya uhuru, kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizofuata mtindo wa Uingereza, zilifanya iwe vigumu kupata kibali cha ukuta wa udongo mjini. Miaka sita baadaye, mwaka 1974, Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa, yakitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham. Uwanjani mwake zimejengwa nyumba za jadi za jamii za eneo hili. Yaani nyumba iliyonyimwa kibali mjini ikawa kitu cha kulipiwa kiingilio.

Vijijini, mwenye uwezo alihamia tofali la kuchoma. Ni zuri na hudumu, lakini tanuri hula kuni bila huruma, na mikaratusi mingi ya Bungoma imeishia humo. Hapa ndipo tulipopotea: tuliuacha udongo kwa kuuona wa kimaskini, kisha tukaurudia kwa kuukatia miti.

Kumbe haukuhitaji moto. Kenya ilitoa kiwango rasmi cha matofali ya udongo yaliyoimarishwa mwaka 1993, na kanuni za ujenzi zikalegezwa mwaka 1995. Udongo wa pale pale kiwanjani huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji hadi likomae. Yale ya kufungamana hushikana yenyewe, kwa hiyo hupunguza pia saruji ya kuunganishia.

Sheria si kisingizio tena. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zianze na majengo yao wenyewe, madarasa ya chekechea na zahanati, na mashine hizo ziwekwe katika vyuo vya ufundi ambako vijana wanajifunza uashi.