Nani alitembea kuandika duka lako kwenye simu?

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuzungumze historia. Ukitaka fundi wa friji siku hizi unaandika kwenye simu na majina yanajipanga yenyewe. Yalifikaje humo?

Oktoba 2004 Google walianzisha kule Marekani huduma ya kutafuta kwa arafa. Mtu alituma ujumbe kwa nambari 46645, akaandika neno pizza na msimbo wa posta wa mtaa wake, kisha akaletewa majina ya mikahawa, anwani na nambari za kupiga. Hakuna ramani, hakuna intaneti. Simu yoyote yenye uwezo wa kutuma arafa ilitosha.

Sasa hebu ifikirie huduma ile Nairobi. Msimbo wa posta 00100 ni wa Posta Kuu. Wakili wa Upper Hill anaweza kuutumia, na fundi viatu wa Kawangware pia. S.L.P. inakuambia barua za mtu zinalala wapi, haikuambii duka lake liko wapi. Anwani zetu halisi tunazijua: shuka steji, vuka barabara, ukiona kinyozi mwenye mlango wa kijani ulizia hapo. Binadamu hafiki akapotea, lakini jaribu kuiandikia programu ya kusoma hiyo!

Novemba 2007 Google waliongeza kwenye ramani zao za simu uwezo wa kukisia mahali ulipo kwa kuangalia mnara uliokunasa, hata kama simu haina GPS. Wengi tuliona kama tatizo limekwisha. Lakini simu kujua iko wapi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kuna nini hapo ilipo, na habari hiyo haitoki mnarani. Lazima mtu avae viatu, aingie dukani, aulize jina na nambari, aandike. Jirani zetu Uganda walipopata mwaka 2009 huduma za arafa za Google, Grameen Foundation na MTN, ikiwemo ya kutafuta zahanati, mambo yalikuwa yale yale: huwezi kutafuta zahanati ambayo hakuna aliyeiorodhesha.

Hapa Kenya kazi hiyo ya miguu ilifanywa na Mocality, kampuni iliyokuwa chini ya Naspers ya Afrika Kusini. Kuanzia 2010 walitumia mawakala, watu wa kawaida tu wenye simu, waliozunguka mitaani wakiandikisha biashara. Kila biashara iliyothibitishwa ilimpatia wakala malipo madogo kupitia M-Pesa. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na bila hiyo sijui ungemlipaje mtu shilingi chache chache kwa kila kibanda bila kuzama kwenye makaratasi. Kwa miaka miwili hivi wakapata zaidi ya biashara 100,000, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana kwenye kitabu chochote cha simu.

Halafu ikaja ile kashfa. Mwishoni mwa 2011 Mocality walianza kupigiwa simu za ajabu. Wenye biashara walikuwa wakiuliza kuhusu tovuti ambazo Mocality hawakuwahi kuwauzia. Wakapekua kumbukumbu za seva, wakaona anwani moja ya IP inafungua kurasa za biashara moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Basi Desemba wakatega mtego, na hapa kama mwandika programu nawavulia kofia: mgeni akitoka anwani ile, baadhi ya kurasa alizofungua hazikumwonyesha nambari ya duka bali nambari ya ofisi ya Mocality wenyewe. Simu zikaanza kuingia. Waliopiga walijitambulisha kuwa wa mradi wa Google wa kuwatengenezea wafanyabiashara wa Kenya tovuti za bure, na wakadai wanashirikiana na Mocality.

Mocality walianika yote mtandaoni tarehe 13 Januari 2012. Siku hiyo hiyo Nelson Mattos, makamu wa rais wa Google, aliomba radhi na kukiri kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mradi wao walitumia data ya Mocality isivyofaa na kudanganya kuhusu uhusiano huo. Radhi haikuwasaidia kuishi muda mrefu. Mwaka 2013 Mocality ilifungwa, na saraka yao ikafungwa nayo. Jasho la mawakala wale lilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ikaondoka nalo.

Pembeni ya hayo, mwaka 2009 vijana wa Kibera walikuwa wamebeba vifaa vya GPS wakichora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama pori tupu: vioski, vyoo, zahanati, mabomba ya maji. Hawakuiweka kazi yao kwenye seva ya kampuni. Waliiweka OpenStreetMap, ambako yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha. Google nao walikuwa na Map Maker yao tangu 2008, watu wakichora bure, mpaka ilipofungwa Machi 2017. Ile ramani ya Kibera bado ipo, na ukipita pale ukakuta kioski hakimo, unaweza kukiongeza mwenyewe kwa simu yako.