Walter Scott na Swali la Walioshindwa katika Riwaya ya Kihistoria

Walter Scott (1771–1832) hutajwa mara nyingi kuwa mwasisi wa riwaya ya kihistoria. Anaistahili sifa hiyo, lakini isipodadisiwa huficha mgogoro uliomo katika kazi zake.

Scott alizaliwa Edinburgh, Uskoti. Maradhi ya utotoni yalimwacha akichechemea, naye akapelekwa Sandyknowe, shambani kwa babu na nyanya yake, alikosikia masimulizi ya vita vya mpakani. Alipokuwa mwanasheria aliyakusanya mashairi simulizi ya eneo hilo na kuyachapisha (1802–1803). Hivyo basi, fasihi simulizi ndiyo iliyomlea kabla ya kuigeukia riwaya.

Waverley, iliyotoka mwaka 1814 bila jina la mtunzi, inahusu uasi wa 1745, ambapo baadhi ya koo za Nyanda za Juu za Uskoti zilipigania kuurejesha ufalme wa akina Stuart. Upya wake umo katika uteuzi wa mhusika mkuu. Edward Waverley si mfalme wala shujaa. Ni kijana anayeyumba, ambaye hupitia kambi zote mbili na kumwezesha msomaji kuzielewa. Mhakiki Georg Lukács, akiandika katika miaka ya 1930, alishikilia kuwa ni kupitia mhusika wa wastani kama huyu ambapo mgongano wa nguvu za kijamii hudhihirika.

Hata hivyo, maridhiano ya riwaya hii yana gharama. Waverley anasamehewa na kuoa; Fergus Mac-Ivor, kiongozi wa ukoo, anauawa kwa kosa la uhaini. Scott anawalilia walioshindwa, ila anawaweka katika zamani iliyokwisha. Ilhali mwaka uo huo wa 1814, wapangaji wa bonde la Strathnaver, huko Sutherland, walikuwa wakifukuzwa ili ardhi yao ifugiwe kondoo. Aidha, mnamo 1822 Scott mwenyewe alisimamia sherehe za kumpokea Mfalme George IV mjini Edinburgh, ambamo mavazi ya Nyanda za Juu yaligeuzwa pambo la taifa zima.

Waliomfuata walirithi mbinu yake pamoja na mgogoro wake. Pushkin, katika riwaya yake ya 1836 kuhusu uasi wa Pugachev, alimweka afisa kijana kati ya malkia na waasi. Manzoni, katika I promessi sposi (1827), alikwenda mbali zaidi: Renzo na Lucia, watu wa tabaka la chini, ndio wahusika wakuu.

Mhakiki anayetumia kigezo cha Scott, basi, hana budi kuuliza ni akina nani wanaosimuliwa kana kwamba wamekwisha kupita, na hali wangali hai.