Suala la Msalaba katika Tafsiri Tatu za Kurani kwa Kiswahili

Miongoni mwa tofauti zilizopo baina ya Biblia na Kurani, chache zimezua mabishano makali kama suala la msalaba. Injili zote nne zasimulia kuwa Yesu alisulubiwa akafa. Kurani, katika Sura ya 4, aya ya 157, yakanusha kwamba maadui zake walimwua au kumsulubu.

Kiini cha aya hiyo ni kitenzi cha Kiarabu "shubbiha", kilicho katika kauli ya kutendwa, na ambacho mtenda wake hakutajwa. Ufupi huo uliwaachia wafasiri wa Kiswahili nafasi pana. Padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, Unguja, aliyetoa tafsiri yake mwaka 1923, aliiambatisha na maelezo ya kuutetea Ukristo. Tafsiri ya Jumuiya ya Ahmadiyya, iliyotolewa na Sheikh Mubarak Ahmad mwaka 1953, ilifuata itikadi kwamba Isa alitundikwa msalabani lakini hakufia hapo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika tafsiri yake kamili ya mwaka 1969, alishika rai ya Kisunni kwamba mtu mwingine ndiye aliyefananishwa naye, na akawapinga Waahmadiyya waziwazi. Matini ni moja. Misalaba ni mitatu.

Wanahistoria wasiofungamana na dini hutumia njia nyingine. Wao huuliza kila kitabu kiliandikwa lini na kwa ajili ya nani. Tacitus, Mrumi asiyekuwa Mkristo, aliandika yapata mwaka 116 kuwa Kristo aliuawa katika utawala wa Pontio Pilato. Hivyo wengi wao hukikubali kifo hicho. Hata hivyo, kipimo hicho hakiwapi Wakristo ushindi. Marko aweka kifo baada ya karamu ya Pasaka, Yohana kabla yake. Na ufufuo wapita uwezo wa mwanahistoria kuuthibitisha. Kadhalika, wako wataalamu waonao kuwa aya ile hujibu majivuno ya waliodai kumwua Isa, wala haikukusudiwa kuwa taarifa ya tukio.

Yadhihirika, basi, kwamba sehemu ya mgongano huu imo katika vitabu vyenyewe, na sehemu imeongezwa na kalamu za wafasiri. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ni kazi ya mwanaisimu, awe muumini au asiwe.