Hatari au Kihatarishi? Moyo na Umetaboli kwa Wanaotumia ARV

Aliyeanza dawa za ARV mwaka 2006 na hajaziacha, leo ana takriban miaka 20 ya matibabu. Virusi vya UKIMWI (VVU) vimedhibitiwa, uzito umerudi, kazi anafanya. Kinachomshughulisha daktari wake sasa ni presha, sukari na mafuta ya damu. Kundi hili la matatizo kwa Kiswahili huitwa “hatari za moyo na umetaboli”, na jina hilo linafaa kupimwa kabla halijavuka maji kumfikia mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, Lamu.

Tuanze na umetaboli, neno la asili ya Kigiriki lililoingizwa katika ngeli ya U. Wengi hulifasiri kuwa usagaji wa chakula. Sivyo. Usagaji hufanyika tumboni na kwenye matumbo. Umetaboli ni namna mwili unavyokitumia chakula kikishaingia damuni: kipi kichomwe kiwe nguvu, kipi kijenge nyama, kipi kiwekwe akiba kama shahamu. Mtu anaweza kusaga biriani na mahamri bila taabu yoyote, na huku umetaboli wake umevurugika. Insulini ipo lakini seli haziiitikii, sukari inabaki damuni, mafuta yanarundikana kiunoni na ndani ya ini. Kwa hiyo neno hili libaki, ila lisitamkwe kliniki bila maelezo yake.

Neno la kolesteroli lina utata mdogo zaidi. Waandishi wa afya huiita lehemu, ambayo kwa sonara wa Lamu ni kile anachoungia vipande vya fedha. Muktadha unatosha kutofautisha.

Shida kubwa iko kwenye “hatari”. Hilo ndilo neno linaloandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu, na maana yake ni: usiguse. Mgonjwa akiambiwa dawa zake zina hatari kwa moyo, atasikia amri ya kuziacha. Na kuziacha ndiko kunakoua. Utafiti wa SMART, uliotangazwa mwaka 2006 na kuhusisha watu 5,472 katika nchi 33, ulilinganisha wanaoendelea na dawa na wanaozisitisha kwa vipindi. Waliosimamisha ndio waliokufa zaidi, na ndio waliopata zaidi maradhi makubwa ya moyo, figo na ini. Tafsiri mbaya hapa si kosa la sarufi tu.

Ndiyo maana napendelea “kihatarishi”, neno ambalo wataalamu wa afya wa Tanzania wamelizoea: kitu kinachoongeza uwezekano wa kuugua. Vihatarishi huhesabika, na vingi hupunguzika. Cha kwanza kwa watu hawa ni VVU vyenyewe. Hata vikidhibitiwa, mfumo wa kinga hubaki umechangamka kupita kiasi, na kuta za mishipa huumia polepole. Uwezekano wa maradhi ya moyo na mishipa kwa wanaoishi na VVU unakadiriwa kuwa takriban mara mbili ya ule wa wengine. Kisha dawa. Stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua, iliwakondesha watu mashavu na miguu. Dolutegraviri, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 2017, ni bora sana kwa virusi, lakini utafiti wa ADVANCE wa Johannesburg ulionyesha kwamba baadhi ya wanaoitumia hunenepa, wanawake zaidi. Vingine ni vya kila mtu: umri, sigara, chumvi ya ng’onda, sukari ya chai.

Kwamba vinapunguzika si maneno ya kufariji. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, ulioshirikisha watu 7,769 wanaoishi na VVU wenye umri wa miaka 40 hadi 75, Waganda wakiwemo, ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, ikitumiwa kila siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Na hao hawakuwa watu waliokwisha kuugua moyo.

Lamu ina ugumu wake. Mgonjwa wa kisiwa cha Pate akitumwa hospitali ya King Fahd hupanda boti, na njia ya Mkanda hungoja maji yajae. Kipimo cha mafuta ya damu kinahitaji maabara. Presha na kiuno havihitaji. Aliye imara hupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja, jambo jema kwa nauli yake, lakini maana yake ni kwamba siku ya kuchukua dawa ndiyo siku pekee ya kufunga kile kitambaa cha presha mkononi mwake. Siku hiyo namtaka muuguzi aseme hivi: “Mama, dawa zako zinakulinda, usiziache. Presha imepanda na kiuno kimeongezeka. Hivyo ni vihatarishi viwili, na vyote tunaweza kuvishusha.”