Pengo Lilipopungua, Nani Alitolewa Nje?

Saadani leo tunaijua kwa hifadhi yake ya wanyama iliyopakana na bahari. Lakini mwaka 1907, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kampuni moja ya mji wa Leipzig ilianza kulima pamba katika pwani ile. Ilitaka malighafi yake yenyewe kwa kiwanda chake cha kusokota nyuzi, Leipziger Baumwollspinnerei, kilichoanzishwa mwaka 1884. Miaka ile kiwanda hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika bara la Ulaya. Pamba ilitoka kwetu, ikavuka bahari, ikasokotwa na mikono ya wanawake wa Leipzig.

Ndugu msomaji, ninakuomba twende wote hadi kwenye lango la kiwanda kile. Ila tusiende mwaka 1907. Twende mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mashine zilipozimwa na wanawake wakatoka na mikoba yao wasirudi tena. Hapo kuna fumbo ambalo wachumi walihangaika nalo, na ambalo sisi tunaojifunza kushika kalamu tusipolijua tutadanganywa mchana kweupe.

Fumbo lenyewe ni hili. Baada ya Ujerumani Mashariki kuacha ujamaa, pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake lilipungua. Umesikia vizuri, lilipungua. Mtu akisoma takwimu ile peke yake anaweza kupiga vigelegele na kusema soko huria limemkomboa mwanamke. Lakini ukienda kuwatafuta wanawake wenyewe unawakuta kwenye foleni ya wasio na kazi. Sasa kulikoni?

Tuanze na walikotoka. Dola ya Ujerumani Mashariki ilizaliwa mwaka 1949, na katiba yake ya mwaka huohuo ilisema mwanamume na mwanamke wakifanya kazi sawa wapate ujira sawa. Maneno matamu, na tusiyabeze. Lakini nyuma ya maneno yale kulikuwa na shida ya watu. Kati ya mwaka 1949 na Agosti 1961, ulipojengwa Ukuta wa Berlin, watu wapatao milioni 2.7 walihamia Magharibi. Viwanda vilibaki na mashine zisizo na wa kuziendesha. Serikali ikawageukia wanawake. Ilipanua chekechea na vituo vya kulelea watoto wachanga, ikawapeleka wasichana vyuo vya ufundi, na kuanzia mwaka 1986 mama aliyejifungua, hata mtoto wa kwanza, alipata likizo ya mwaka mzima yenye malipo. Ilipofika mwaka 1989, karibu wanawake 9 kati ya 10 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa kazini, au masomoni wakijiandaa kwenda kazini. Si mchezo! Ni nchi chache sana duniani zilizofikia hapo.

Lakini jamani, peponi hapakuwa. Wanawake walijazana kwenye nguo, maduka, ofisi, hospitali na shule, na huko ndiko mishahara ilikokuwa midogo. Mwanamume wa mgodini au wa mashine nzito alipata zaidi. Na mwanamke akitoka zamu alikuta sufuria zinamsubiri. Sheria yenyewe ilimpa siku moja kwa mwezi ya kukaa nyumbani afanye usafi na kufua. Mumewe hakupewa siku hiyo isipokuwa kwa sababu maalumu, kama mkewe akiugua. Yaani dola ya wafanyakazi ilikiri kwa sheria kwamba kufua ni kazi ya mke. Na kule juu kabisa, katika kamati kuu ya siasa ya chama tawala, hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kuwa mjumbe kamili kwa miaka yote 40. Walioingia waliishia kuwa wagombea wa ujumbe, wasio na kura.

Kwa hiyo mwanamke wa Leipzig alikuwa na mambo mawili kwa pamoja: mshahara mdogo kuliko wa kaka yake, na kazi ambayo hakuogopa kuipoteza. Lile la pili ndilo lililoondoka kwanza.

Ukuta ulianguka tarehe 9 Novemba 1989. Tarehe 1 Julai 1990, kabla hata nchi mbili hazijaungana rasmi, sarafu ziliunganishwa. Mishahara ya Mashariki ikaanza kulipwa kwa marki ya Magharibi, moja kwa moja. Watu walifurahi, na nani asingefurahi? Lakini kwa kiwanda ilikuwa kitanzi. Usiku mmoja gharama zake zilihesabiwa kwa fedha ngumu, huku bidhaa zake zikikosa wanunuzi. Wateja wa zamani, Urusi na jirani zake, hawakuwa na marki za kulipia. Na wananchi wenyewe walikimbilia sabuni, gari na suruali kutoka Magharibi.

Shirika la serikali lililopewa jukumu la kubinafsisha liliitwa Treuhandanstalt. Lilikabidhiwa mashirika ya umma yapatayo 8,500, yenye wafanyakazi takriban milioni 4. Mwaka 1991, baada ya mkuu wake kuuawa kwa risasi, lilikabidhiwa kwa mwanamke kutoka Magharibi, Birgit Breuel. Basi tusidhani kwamba kumweka mwanamke mmoja kwenye kiti kikubwa kunawalinda walioko chini. Lilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1994, kazi nyingi kati ya zile milioni 4 zilikuwa zimekwisha kupotea.

Viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuanguka, na humo ndimo wanawake walimokuwa wengi. Kiwanda chetu cha Leipzig, ambacho katika siku zake kiliwahi kuwa na wafanyakazi karibu 4,000, kiliacha kusokota nyuzi za pamba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vibarua viliota nyasi. Na kiwanda kilipokufa hakikufa peke yake. Viwanda vingi vilikuwa na chekechea zao, kliniki zao na vyumba vyao vya kulia chakula. Mama alipoteza mshahara na pa kumwacha mtoto kwa barua moja.

Sheria na desturi zilizokuja na muungano nazo zilikuwa za nyumba nyingine. Magharibi, hadi mwaka 1977, sheria ya ndoa ilisema mke anaweza kufanya kazi ya ajira ikiwa tu haiingilii wajibu wake wa nyumbani. Kodi ya mapato kwa wanandoa ilikuwa, tangu mwaka 1958, ikikokotolewa kwa namna inayompa nafuu mume mwenye mshahara mnono na mke asiye na kitu. Wapo waliosema waziwazi kwamba tatizo la Mashariki ni wanawake kupenda kazi kupita kiasi, na kwamba hali itatulia watakapozoea kukaa nyumbani. Afukuzaye hakwambii toka. Mwajiri hakumwambia mtu hatuajiri wanawake. Aliuliza tu: una watoto wangapi? Wana umri gani? Kufikia mwaka 1993, karibu theluthi mbili ya waliosajiliwa kuwa hawana kazi upande wa Mashariki walikuwa wanawake.

Sasa turudi kwenye fumbo. Imekuwaje pengo la mishahara lipungue wakati huohuo?

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kijiweni kabisa. Chumba kina wanaume watano, kila mmoja analipwa marki 1,000. Kina wanawake watano: wawili wanalipwa 900, mmoja 700, wawili 500. Ukigawanya, wastani wa wanawake ni 700. Pengo ni asilimia 30. Anakuja bosi mpya, anawafukuza wale wawili wa 500, labda wafagiaji au wasaidizi wa ghala. Piga hesabu tena. Wastani wa wanawake waliobaki ni kama 833. Pengo limeshuka hadi asilimia 17. Umeona? Hakuna mwanamke aliyeongezewa hata senti moja. Wawili wamelala njaa, na takwimu inatabasamu.

Hilo ndilo lililotokea Ujerumani Mashariki, ingawa si lote. Mwaka 2002 mchumi Jennifer Hunt alichapisha utafiti uliofuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka baada ya sarafu kuunganishwa. Alikuta kwamba mishahara ya wanawake, ikilinganishwa na ya wanaume, ilipanda kwa pointi 10 za asilimia. Lakini ajira za wanawake zilianguka kwa pointi 5 zaidi ya za wanaume. Na alipochambua, alikuta zaidi ya sehemu 40 katika kila 100 za nafuu ile zilitokana na watu wa mishahara midogo kuondoka kazini, na wengi wa walioondoka ni wanawake. Utafiti wake aliupa kichwa kinachouliza ni lini kupungua kwa pengo la mishahara huwa habari mbaya. Swali hilo, mtu wangu, lingefaa kubandikwa juu ya meza ya kila mwandishi.

Ukitaka kuona kwamba njia zilikuwa tofauti, tazama Urusi. Bei ziliachiwa huru tarehe 2 Januari 1992, na maisha yakawaka moto. Lakini huko viwanda vingi havikuwafukuza watu kwa wingi kama Leipzig. Viliwabakiza kwenye daftari, vikawalipa kidogo, tena kwa kuchelewa miezi. Tofauti kati ya wa juu na wa chini ikapanuka ghafla, na kwa kuwa wanawake walikuwa wengi chini, pengo lao na wanaume likaongezeka. Mchumi Elizabeth Brainerd alilionyesha hilo mwaka 2000 alipolinganisha nchi kadhaa: Urusi na Ukraine pengo lilikua, nchi kadhaa za Ulaya Mashariki likapungua. Mwaka 1993 Waziri wa Kazi wa Urusi, Gennady Melikyan, aliuliza hadharani kwa nini wanawake waajiriwe ilhali wanaume hawana kazi. Wanawake hawakusubiri jibu. Walimu na wahandisi walibeba mifuko mikubwa ya mirabamiraba wakapanda mabasi hadi Istanbul kununua makoti na kuja kuyauza sokoni kwao. Kwa hiyo Urusi takwimu ilionyesha kidonda. Ujerumani ilikifunika.

Na wanawake wa Ujerumani Mashariki walifanya nini? Wengi hawakukubali kwamba jikoni ndiko kwao. Waliendelea kujiandikisha kama watafuta kazi mwaka baada ya mwaka. Vijana walihamia Magharibi. Na waliahirisha kuzaa. Mwaka 1989 walizaliwa watoto wapatao 199,000 upande ule. Mwaka 1994 walizaliwa kama 79,000. Katika miaka mitano tu, na hapakuwa na vita wala njaa! Wastani ulishuka chini ya mtoto mmoja kwa kila mwanamke. Hakuna aliyeitisha mgomo. Kila mmoja alipiga hesabu yake mwenyewe usiku: nikizaa sasa, nani ataniajiri?

Yamepita miaka. Mwaka 2022, pengo la mishahara Ujerumani Magharibi lilikuwa asilimia 19, na Mashariki asilimia 7. Wapo watakaosema basi, mambo yaliisha vizuri. Wana sehemu ya haki. Binti wa yule mama wa kiwandani alirithi mazoea ya kufanya kazi siku nzima, na chekechea zilizobaki Mashariki bado ni nyingi kuliko za Magharibi. Lakini uliza tena, kama tulivyouliza mwanzo. Pengo ni dogo pia kwa sababu mwanamume wa Mashariki analipwa kidogo kuliko mwenzake wa Magharibi. Watu wawili wakiwa na sahani ndogo, ni rahisi kusema wamegawana sawa.

Kile kiwanda cha Leipzig hakikubomolewa. Majengo yake ya matofali mekundu yamejaa studio za wachoraji na majumba ya maonyesho, na mchoraji mashuhuri Neo Rauch anafanyia kazi zake humo. Wageni wanatoka mbali kuja kutazama picha. Ni jambo zuri, sisemi vibaya. Ila mimi nikiwaza kiwanda kile namwona mama mmoja, sijui jina lake, aliyeingia pale akiwa na miaka 16 na kutolewa akiwa na 52. Siku alipotolewa, wastani wa mishahara ya wanawake wa Ujerumani Mashariki ulipanda kidogo. Alichangia maendeleo kwa kufukuzwa.

Sisi nasi tumeona mashirika ya umma yakiuzwa, na ripoti zikisomwa mbele ya kamera. Kesho utatumwa na mhariri wako kuandika kuhusu mojawapo ya ripoti hizo. Nenda, chukua namba zao zote, ziandike bila kukosea. Halafu usirudi nyumbani kwanza. Pitia pale langoni, kwa mama muuza maandazi, umuulize ni akina nani waliokuwa wakinunua kwake asubuhi na siku hizi hawaonekani.