Safari ya Kurudi Mezani

Leo tutazame ugomvi mmoja wa Wakristo uliotokea katika nchi yetu, maana una fundisho kwetu sisi tulio wa nyumba moja ya imani.

Mwezi wa Juni 1913, wamishenari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, katika misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuwako Waanglikana wa C.M.S., Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengine. Shabaha yao ilikuwa kuziunganisha misheni, ili Mkristo akihama kutoka misheni moja kwenda nyingine asihesabiwe kuwa mgeni. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana nao wakashiriki.

Habari zilipomfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar, zilimchoma moyo. Yeye aliamini kabisa kwamba uaskofu ni kipawa cha Mungu kwa Kanisa, wala haufai kuwekwa kando. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwashtaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari hizo. Meza iliyoandaliwa kwa ajili ya umoja ikazaa mashtaka.

Hata hivyo, mwaka 1918 mkutano wa pili ulifanyika Kikuyu, na Askofu Weston mwenyewe alifunga safari akaja. Hakuiacha imani yake; alileta mapendekezo yake juu ya njia ya kuungana. Mapendekezo hayo hayakupokewa. Lakini aliketi na ndugu zake, wakasemezana uso kwa uso. Mwaka uo huo misheni nne zilifanya muungano wao, na tunda lake mojawapo ni Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Naye Weston, katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, alifanya kazi kubwa katika kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote.

Lakini liko jambo moja la huzuni. Askofu Peel alifariki mwaka 1916. Weston alipofika Kikuyu, yule aliyeiongoza ile Meza hakuwako tena kupewa mkono.

Ndugu mpendwa, Bwana Yesu katika Mathayo sura ya 5 anatuamuru tuiache sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane. Hakusema tungoje mpaka tukubaliane katika kila neno. Wala hakusema aende mkosaji peke yake. Hata wewe unayejiona una haki, inuka uende. Je, katika kanisa lenu hawako wazee wawili wanaopokea kikombe kimoja Jumapili, na Jumatatu hawasalimiani njiani? Usingoje siku ya mazishi ndipo useme maneno mema juu ya ndugu yako. Mwendee leo, angali anaweza kukujibu.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetusamehe sisi tulipokuwa adui zako, utupe miguu ya kumwendea ndugu yetu, na ulimi wa upole tutakapofika kwake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.