Mcheza kwao hutunzwa... lakini na nani? Historia fupi ya wanamuziki deiwaka, tukianzia Nyarero

Wadau, leo tuwaongelee watu ambao kila mmoja wetu amewahi kucheza kwa jasho lao bila kuuliza kesho yake wanakula nini. Nasema juu ya wanamuziki ambao muziki si kazi yao ya kwanza. Mchana huyu analima, yule anafundisha shule ya msingi, mwingine ni fundi cherehani au dereva. Ikifika Jumamosi ndiyo wanashika vyombo.

Kwenye bendi za Dar es Salaam watu hawa wana jina: deiwaka. Neno lenyewe ni la vibarua, mtu anayelipwa kwa siku. Deiwaka hana mkataba na bendi. Anaitwa mpiga solo fulani akiumwa, anapiga usiku ule, anachukua chake, anaondoka. Tumezoea kumwona kama mwanamuziki wa daraja la pili, anayesubiri "kutoka". Lakini ukiisoma historia yetu vizuri utaona kinyume chake. Deiwaka ndiye mwanamuziki wa kawaida wa nchi hii, na yule wa kulipwa mshahara kila mwisho wa mwezi alikuwepo kwa kipindi kifupi tu katikati. Kwa hiyo swali la maana ni hili: deiwaka anapiga wapi, na nani anamlipa?

Tuanzie mbali na Dar. Twende Nyarero, kata mojawapo ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Hii ni nchi ya Wakurya, nchi inayoingia hadi Serengeti na kuvuka mpaka wa Sirari mpaka Kuria ya Kenya. Chombo chao kikuu ni ritungu (wengine husema litungu). Lina nyuzi nane, tumbo lake ni la mti uliowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya kukwaruza kidogo, ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Mpigaji anakaa chini au kwenye kigoda, anapiga huku anaimba. Na anachoimba si mapenzi peke yake. Anasifia ukoo, anakumbusha ng'ombe walioibwa, anamsema mtu mchoyo mbele ya majirani zake.

Sasa huyu bwana "ukumbi" wake ni upi? Ni boma la mtu. Ni harusi, siku ng'ombe wa mahari wanapohesabiwa na wazee wamekaa na pombe. Ni mavuno yakiisha na watu wana muda. Ni kilabuni siku ya gulio. Hakuna kiingilio, hakuna tiketi, hakuna jukwaa. Malipo ni nyama, pombe, mahali pa kulala, na sarafu au noti anayotunzwa pale anapolitaja jina lako vizuri. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa walikuwa wanaeleza mfumo mzima wa uchumi: unatunzwa kwa sababu uko kwenu, wanakujua, na usipotunzwa leo kesho utawaimba!

Ubaya wa mfumo huu ni kwamba unafuata msimu. Mvua zikianza kila mtu yuko shambani, mpiga ritungu naye yumo. Kwa hiyo hata kama angetaka kuishi kwa muziki peke yake asingeweza. Udeiwaka wake hautokani na kukosa kipaji. Kalenda ya mahindi na ng'ombe ndiyo imemfanya hivyo.

Mjini mambo yalikwenda vipi? Wengi wetu tunadhani mjini wanamuziki walikuwa wa kulipwa tangu mwanzo. Hapana. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, kwenye miaka ya 1890. Vijana waliiga gwaride na tarumbeta za Wazungu, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakashindana mtaa kwa mtaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wakaisambaza bara. Vyama vikubwa viwili, Marini na Arinoti, vikawa na matawi kila mji. Wanachama walikuwa makarani, askari, watumishi wa nyumbani, watu wa bandarini. Wote deiwaka!

Kisha likaja dansi. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ikaanzishwa mwaka 1944. Hizi zilikuwa klabu kwanza, bendi baadaye. Wanachama walichanga, wakanunua magitaa na saksafoni, na vyombo vikawa mali ya klabu. Mpigaji aliripoti kazini asubuhi kama watu wengine. Hata miaka ya 1950 mwishoni, Kilwa Jazz (1958) na Western Jazz (1959) zilipoanzishwa Dar, zilikuwa na sura ya chama cha watu wa kwao: watu wa Kilwa huku, watu wa Tabora na magharibi kule. Ukumbi ukawa umebadilika, sasa kuna mlango na kiingilio, kuna sehemu kama Arnautoglu, lakini kanuni ni ileile ya Nyarero. Unapigia watu wako, na watu wako wanakutunza.

Mabadiliko makubwa yakaja na uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapohapo Mara, alihutubia siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri. Alitangaza kuunda wizara ya utamaduni, akalalamika kwamba wakoloni walitufundisha kucheza rumba na chachacha tukasahau ngoma zetu wenyewe. Kinachochekesha ni kwamba serikali na mashirika yake ndio wakaja kuwa waajiri wakubwa wa hao hao wapiga rumba. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kikaunda NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wa chama. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kila shirika likataka bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz (1970). Polisi wakawa na yao, JKT na Magereza pia, Bima wakawa na Bima Lee. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park chini ya shirika la teksi la serikali, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Mikoani nako hakukulala: Musoma ilikuwa na Mara Jazz, wana Sensera.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mpiga gitaa Mtanzania aliweza kupata mshahara, matibabu, na mara nyingine nyumba. Vyombo vya mwajiri, gari la mwajiri. Bendi ziliweza kufanya ziara Kanda ya Ziwa wakati wa malipo ya pamba, watu wakiwa na hela mfukoni. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali, ikizirekodi na kuzirusha nyimbo zao nchi nzima. Malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, lakini wimbo ukipigwa redioni ukumbi unajaa.

Ila tusidanganyane. Mpiga ritungu wa Nyarero hakuingia kwenye mfumo huo. Mshahara ulikwenda kwa wa mjini mwenye gitaa la umeme. Yeye serikali ilimkumbuka siku maalumu: Saba Saba, Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, kiongozi akija kuzindua kisima. Anaitwa na kikundi cha ngoma, wanachezea juani tangu asubuhi, msafara unafika saa nane, wanapewa dakika tano. Malipo? Usafiri na soda. Wakati wa kampeni hali huwa nzuri kidogo, kwani mgombea anataka umati, na umati unakuja kwa ngoma. Lakini kampeni ni kila baada ya miaka mitano.

Miaka ya 1980 na 1990 mashirika yakaanza kufa au kuuzwa, na bendi zake zikafa nayo au zikaachwa zijitegemee. NUTA Jazz yenyewe ilikwishapita JUWATA, ikawa OTTU, mwisho ikabaki Msondo Ngoma, inayoishi kwa kiingilio cha mlangoni. Redio binafsi zikafunguliwa kuanzia miaka ya 1990, disko likaja, Bongo Fleva ikaja. Mshahara ukaisha, udeiwaka ukarudi. Ndiyo maana nasema ule wa mshahara ulikuwa ni mkato mfupi, takriban miaka 30 tu.

Tarime nayo ilipata kumbi mpya. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na penye dhahabu pana baa. Sirari kuna biashara ya mpakani na muziki wa benga unavuka bila pasipoti. Harusi nazo zimebadilika, sasa kuna kamati, MC, DJ na spika kubwa, na mpiga ritungu akialikwa anapewa nafasi kati ya keki na zawadi. Spika mbili na kompyuta havili, havinywi, havichoki na havimsemi mchoyo. Kwa mwenye sherehe hiyo ni nafuu.

Sasa nifike pale panapouma. Msimu mkubwa kuliko yote wa ngoma katika nchi ya Wakurya ni esaro, tohara. Kwa kawaida huwa Desemba, na koo nyingi hufanya katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wakishaamua. Watu wanatoka Mwanza, Dar na Kenya kurudi nyumbani. Barabarani ni nyimbo, filimbi, watu wamejipaka rangi, waliotahiriwa wanasindikizwa kwa shangwe na kutunzwa noti. Kwa mtu anayeishi kwa kutunzwa, huu ndio mwezi wa mavuno.

Lakini katika shangwe hizo wamo pia mabinti waliokeketwa. Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inasema kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kifungo chake ni kuanzia miaka 5 hadi 15. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliona kwamba Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10. Kwa hiyo ngoma ile inayomlisha mwanamuziki ndiyo hiyohiyo inayoufanya wembe uonekane sherehe. Binti wa miaka 12 anaona mwenzake anaimbiwa na kutunzwa, na yeye asiyekeketwa hana wimbo. Wimbo ni nguvu, jamani. Tusijifanye ni burudani tu.

Kuna wanaosema basi ngoma zote za esaro zipigwe marufuku. Mimi sikubaliani. Ukimnyang'anya mpiga ritungu uwanja wake mkubwa bila kumpa mwingine, ama ataacha muziki, ama atapiga kwa siri upande wa wembe. Mfano wa kufuata upo Masanga, hapohapo Tarime, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 mabinti wanaokimbia kukeketwa hupokelewa msimu huo, wanafundishwa, na kambi inafungwa kwa mahafali, kukiwa na nyimbo na ngoma, bila kukatwa mtu. Mugumu, Serengeti, nako kuna nyumba salama inayofanya kazi ya namna hiyo. Huo ni uwanja mpya. Swali ni nani anamlipa mwanamuziki kupiga pale, na anamlipa kama anavyotunzwa barabarani Desemba?

Hapa ndipo historia inapotusaidia. Kila uwanja ulipobadilika, mwanamuziki alibadilika na wimbo wake: bomani aliimba ukoo, kwenye klabu ya dansi aliimba mji, kwenye shirika aliimba Ujamaa, kwenye kampeni anamwimba mgombea. Si kwamba hana msimamo. Ana watoto, ada na shamba lisilotosha. Anayetaka wimbo ubadilike aanze na mahali unapopigwa na mkono unaotunza.

Kwa hiyo wewe uliye mjini, mtoto wa Tarime au wa kokote kule, unapopanga harusi au kusimamisha jengo la familia kijijini, usikimbilie spika tu. Mwite mpiga ritungu. Mpe muda wa kutosha, siyo dakika tano. Mlipe kabla hajaanza. Na binti yako akimaliza darasa la saba au kidato cha nne akiwa mzima na mwili wake wote, mwite tena, mwambie amwimbie huyo kwa jina lake, majirani wasikie.

Mnasemaje wadau? Kwenu nani alikuwa anapiga, wapi, na alilipwa nini? Tuambiane kabla wazee hawajaondoka nayo.